Kuanzisha kikundi cha hisa kijijini kwenu, khasa kwa kinamama wanaolima mwani

Assalaam alaykum jamani. Wengi wetu tukisikia kusaidia watu wa kijijini tunafikiria kupeleka mchele na sukari ikikaribia Ramadhani, jambo jema sana hilo lakini mchele unakwisha na shida iko palepale. Mimi n'taeleza nilichokiona kinawasaidia watu huku kwetu Pemba, yaani kikundi cha hisa cha kuweka na kukopa.

Kwanza msichanganye na upatu. Upatu mnachanga anachukua mmoja, mwezi ujao mwengine, ukiuguliwa na mtoto na zamu yako bado ndo basi tena. Kwenye hisa pesa inakaa sandukuni, mwenye shida anakopa, mwisho wa mwaka mnagawana kila mtu kwa hisa zake. Mtindo huu ulianza Niger mwaka 1991 kwa kinamama wa vijijini ambao wengi wao hawakujua kusoma, kwaiyo msikhofu eti kwenu hakuna msomi.

Tafuteni watu 15 mpaka 25 wanaojuana na wanaokaa karibu, wachaguane wenyewe. Sheha, yaani kiongozi wa shehia yenu, apewe habari lakini asiwaandikie nyinyi orodha.

Sasa bei ya hisa, hapa ndo vikundi vingi vinapoharibika. Kikundi changu cha kwanza tuliweka hisa shilingi 5,000, mana sisi wenye mishahara tuliona ndogo. Mama mmoja alikuja akakaa kizingitini, kanga bado mbichi ya maji ya chumvi, kasema leo sina, kainuka kenda zake na hakurudi tena, na haikupita miezi mitatu kinamama wa mwani wote wametoka tumebaki sisi kwa sisi. Lile linaniuma mpaka leo. Kwaiyo muulizeni yule mwenye hali ngumu kuliko wote anaweza ngapi, hiyo ndo iwe bei. Tuseme 1,000, mtu anunue hisa 1 mpaka 5 kila kikao. Watu 20 wakinunua mbili mbili ni 40,000, mkikutana mara mbili kwa mwezi kwa mwaka mzima ni 960,000, na hizo ni pesa za kijijini kwenu wenyewe.

Vikao wekeni wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo bahari haitoki sana. Bamvua maji yanatoka sana, kinamama wako pwani wanafunga mwani, ukiita kikao siku hizo unawafukuza bila ya kujua.

Sanduku liwe na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wa nyumba tofauti, na anaelala nalo asiwe na ufunguo hata mmoja. Pesa zihesabiwe kwa sauti mbele ya wote, kila hisa ipigwe muhuri kwenye kitabu cha mwanachama. Bibi mmoja kwetu hajui kusoma lakini anapitisha ukucha muhuri mmoja mmoja, anazijua hisa zake kuliko katibu.

Mkopo usizidi mara tatu ya hisa za mtu. Na suala la riba lizungumzeni siku ya mwanzo wala msilikimbie, mana wapo wanaojitenga na vikundi kwa sababu hiyo tu na wana haki yao. Baadhi wanakopeshana bila ya nyongeza yoyote. Njia nyengine ni kikundi kununua kitu chenyewe kikawa mali ya kikundi, halafu kumuuzia mwanachama kwa faida inayojulikana alipe kidogo kidogo, muulizeni shekhe wenu namna ya kulipanga sawasawa. Na kwa wakulima wa mwani kitu hicho kiwe kamba na tai tai, vile vikamba vidogo vya kufungia mwani. Tangu kilimo hiki kianze 1989 kule mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, wakulima wengi wanapewa vifaa na mnunuzi, na ukishafunga kwa kamba zake mwani lazima umuuzie yeye, bei anataja yeye. Mwenye kamba yake anaweza kusema hapana. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko hata pesa ya kugawana.

Wekeni pia mfuko wa maradhi na misiba, shilingi 200 kila mtu kila kikao, huo haurejeshwi. Na mwenzenu akidhulumiwa, tuseme mume kamwacha na watoto bila ya matunzo, msimwache aende peke yake. Nendeni watu watatu kwa wasaidizi wa sheria wa kwenu au ZAFELA, jumuiya ya wanasheria wanawake Zanzibar, awe anajua haki zake kabla ya kufika kwa kadhi.

Kugawana wekeni kabla ya Januari skuli hazijafunguliwa, watoto wapate sare na madaftari. Madeni yote yawe yamerudi kikao kimoja kabla. Siku yenyewe sanduku limwagwe liwe tupu kila mtu aone, mkishagawana, kabla hajainuka mtu, kila anaetaka kuendelea atie hisa yake ya kwanza ya mwaka mpya palepale.