Kura zinapohesabiwa upya: namna ya kupigania bahasha za posta zilizokataliwa

Tofauti ikiwa ndogo, ugomvi mzito hauwi juu ya karatasi zilizo mezani, bali juu ya bahasha za kura za posta ambazo hazijafunguliwa. Katika uchaguzi wa Seneti wa Minnesota, Marekani, mwaka 2008, watu kama milioni 2.9 walipiga kura. Seneta Norm Coleman, aliyekuwa akitetea kiti chake, aliingia kwenye kuhesabu upya akiongoza kwa kura 215. Mpinzani wake, Al Franken, akatoka mshindi kwa kura 312, na kati ya hizo, 263 zilipatikana kwenye bahasha za posta zilizokuwa zimekataliwa. Wakala wa mgombea anayejiandaa kwa kazi hii ajifunze hapo.

Kwanza, shika sababu za kisheria za kukataa bahasha, neno kwa neno. Minnesota wakati huo zilikuwa nne tu: jina au anwani hailingani na fomu ya maombi; saini si ya aliyeomba, au cheti cha bahasha (tamko la mpiga kura na shahidi wake lililo nje ya bahasha) hakikujazwa inavyotakiwa; mpiga kura hajaandikishwa; au amekwisha kupiga kura. Karani akikataa kwa sababu nyingine yoyote, amekosea.

Pili, dai bahasha zipangwe mafungu. Maafisa wa kaunti walitakiwa kutenga mafungu matano: manne ya sababu hizo, na la tano la bahasha zilizokataliwa bila sababu halali. Nguvu zako zipeleke kwenye fungu la tano. Kati ya bahasha kama 12,000 zilizokataliwa, maafisa waliona takriban 1,350 zinastahili kuwa humo.

Kagua kila bahasha pande zote mbili. Saini ilinganishe na ile ya fomu ya maombi. Mume akimsainia mkewe maombi, saini hazitafanana hata kama mke ndiye aliyepiga kura. Angalia shahidi: ametia saini, ameandika anwani, na alikuwa na sifa ya kushuhudia? Kosa moja husahaulika sana: asiyeandikishwa hutakiwa kutia fomu ya kujiandikisha ndani ya bahasha ya nje, lakini wengine huifungia pamoja na kura katika bahasha ya siri, ile ya ndani inayoficha kura. Karani haioni, anaandika “hajaandikishwa.”

Kwa kila bahasha andika kata, namba, sababu iliyoandikwa na karani, sababu unayoikubali au kuipinga, na ushahidi wako. Usiandike jina la mgombea unayedhani amepigiwa. Ukianza kuchagua bahasha kwa kukisia mtaa wa mpiga kura, upande wa pili utafanya hivyo hivyo, na wapiga kura halali wa pande zote wataumia. Ndilo lililotokea baada ya Mahakama ya Juu ya Minnesota kuamuru, Desemba 18, 2008, kwamba zifunguliwe zile tu ambazo wagombea wote wawili na maafisa wamekubaliana. Zikabaki 933. Kwetu sisi utaratibu huo haukuwa wa haki: haki ya mpiga kura haipaswi kusubiri ridhaa ya mgombea.

Siku ya kufungua, simamia mpangilio: bahasha ya nje ifunguliwe, ya siri itolewe bila kufunguliwa, zote zichanganywe, kisha ndipo kura zitolewe. Pingamizi lako liwe limeandikwa kabla ya hapo. Kura ikishachanganywa haina mwenyewe, na hakuna awezaye kuitoa tena. Bahasha hizo 933 zilifunguliwa Januari 3, 2009: Franken 481, Coleman 305. Uongozi wa Franken, alioupata kura za mezani zilipohesabiwa upya, ukapanda kutoka 49 hadi 225.

Ukishindwa kwenye bodi inayosimamia hesabu hiyo, kinachobaki ni kesi ya uchaguzi, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Coleman alilalamika kwamba kaunti zilitumia vipimo tofauti, nyingine zikipokea bahasha ambazo wenzao walizikataa. Majaji watatu waliosikiliza kesi hiyo hawakutosheka na hoja hiyo. Walitaka kila bahasha ithibitishwe peke yake kuwa imetimiza sheria. Kwa hiyo pangia kila moja faili: nakala ya bahasha, fomu ya maombi, ukurasa wa daftari la wapiga kura, na maelezo ya mpiga kura kwa kiapo inapobidi. Mwishowe zilifunguliwa 351 tu, Aprili 7: Franken 198, Coleman 111, wengine 42. Juni 30 Mahakama ya Juu ikakubaliana na majaji hao bila jaji wake yeyote kupinga.

Sheria ya Minnesota ilibadilishwa mwaka 2010. Sasa hulinganishwa kwanza namba ya kitambulisho, na saini huja baadaye. Bahasha ikikataliwa siku tano au zaidi kabla ya uchaguzi, mpiga kura hutumiwa karatasi nyingine. Ikikataliwa ndani ya siku tano za mwisho, maafisa hutakiwa kumtafuta kwa simu au barua pepe. Mwana Afrika Mashariki mwenye uraia wa Marekani anayepiga kura huko kwa posta ajaze namba ile ile aliyoitumia kwenye maombi.