Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuamua Kwamba Kodi ya Nyumba Inaendana na Kipato

Kabla mtu hajatia sahihi mkataba wa upangaji, hesabu ya kwanza anayoambiwa afanye ni kugawanya kodi ya mwezi kwa kipato cha mwezi na kuangalia kama jibu limezidi asilimia 30. Hesabu hiyo ni nyepesi, na ndiyo maana imeenea, lakini jibu lake hutegemea kabisa kitu kilichoingizwa upande wa kodi na kitu kilichoingizwa upande wa kipato, na hapo ndipo wapangaji wengi hukosea bila kujua.

Jambo la kuamuliwa mapema, basi, ni kipato gani kinachopimwa. Mshahara ghafi ulioandikwa kwenye barua ya ajira si mshahara unaofika mkononi baada ya kodi ya mapato, michango ya pensheni, bima na marejesho ya mkopo. Tuchukue mfanyakazi ambaye mshahara wake ghafi ni 1,000 na makato yake ni 250, naye anaitazama nyumba ya kodi ya 300 kwa mwezi. Kwa mshahara ghafi kodi hiyo ni asilimia 30, yaani imesimama pale pale kwenye mpaka unaokubalika; kwa zile 750 anazopokea, kodi hiyo hiyo ni asilimia 40. Nyumba haijabadilika wala kazi haijabadilika. Kilichobadilika ni kigawanyo tu. Idara nyingi za takwimu, zikiwamo za Marekani na Kanada, hupima kwa kipato cha kabla ya kodi ya mapato, ilhali Umoja wa Ulaya hutumia kipato kinachobaki baada ya kodi ya mapato na kuiona kaya kuwa imeelemewa pale gharama za makazi zinapovuka asilimia 40 ya kipato hicho. Kwa mtu anayepanga maisha yake mwenyewe, naona hakuna sababu ya kutumia fedha ambazo hatazishika kamwe: apime kwa kile kinachoingia mfukoni, na marupurupu yasiyo ya uhakika, kama malipo ya saa za ziada, ayaache nje ya hesabu.

Inafaa pia kujua asili ya hiyo asilimia 30, ili isichukuliwe kana kwamba ni kanuni ya maumbile. Mwaka 1969 sheria iliyosukumwa na seneta Edward Brooke wa Massachusetts iliweka ukomo wa kodi katika nyumba za umma za Marekani kuwa asilimia 25 ya kipato cha mpangaji, na mwaka 1981 ukomo huo ukapandishwa hadi asilimia 30. Lilikuwa jambo la bajeti ya serikali, lililohusu nani alipe kiasi gani katika nyumba zenye ruzuku. Baadaye namba ile ile ikageuka kipimo cha kila mpangaji: serikali ya nchi hiyo humhesabu anayelipa zaidi ya asilimia 30 kuwa amelemewa, na anayelipa zaidi ya asilimia 50 kuwa amelemewa vibaya.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kuridhika na asilimia yoyote, mpangaji na ahesabu kinachobaki. Kaya yenye kipato cha 4,000 inayolipa asilimia 40 kwa nyumba hubakiwa na 2,400, na huenda ikaishi bila shida. Kaya yenye kipato cha 800 na watoto watatu, inayolipa asilimia 30 tu, hubakiwa na 560 za chakula, nauli, matibabu na shule, na kwa kipimo cha asilimia kaya hiyo ya pili ndiyo inayosemekana kuwa salama. Mtafiti Michael Stone wa Marekani alitetea kwa miaka mingi njia ya kuanza na mahitaji ya lazima, kisha kuuliza kodi gani inaweza kulipwa na kilichosalia, badala ya kuanza na kodi na kuyaacha mahitaji yajibane yenyewe. Njia hii inachosha zaidi kwa kuwa inadai daftari la matumizi ya miezi miwili au mitatu, lakini ndiyo inayomzingatia mwenye watoto, mwenye mgonjwa nyumbani na mwenye deni. Kwa mtu wa kipato kidogo mimi ningeitanguliza mbele ya asilimia zote.

Upande wa kodi nao una mambo yake. Mtu na aulize mapema kama maji, umeme, taka na ulinzi vimo ndani ya kodi au vinalipwa kando, kwa kuwa kodi ya 260 yenye bili za 70 ni ghali kuliko kodi ya 310 iliyojumuisha kila kitu. Amana hurudi, ikiwa mkataba umeandikwa vizuri, lakini ada ya dalali hairudi. Ikiwa dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja ya 300 na mpangaji anakusudia kukaa mwaka mmoja, kodi halisi ni 325 kwa mwezi. Nauli ya kwenda kazini ihesabiwe pamoja na nyumba, maana unafuu wa nyumba ya mbali mara nyingi huishia barabarani. Shirika la Center for Neighborhood Technology la Chicago hujumlisha makazi na usafiri na kuweka ukomo wa asilimia 45 kwa vyote viwili.

Asiye na mshahara wa mwezi ana kazi ya ziada. Tuseme kwa miezi tisa anapata 1,200 na kwa miezi mitatu anapata 500. Wastani wake ni 1,025, na asilimia 30 ya wastani huo ni karibu 308. Lakini katika miezi ile mitatu kodi hiyo itameza zaidi ya asilimia 60 ya kipato. Mwenye nyumba hadai kodi kwa wastani. Mtu wa namna hii ama achague nyumba inayolipika katika mwezi mbaya, ama awe ameweka akiba ya kuziba pengo kabla ya kuhamia.

Hesabu inaweza pia kugeuzwa, ikaanzia kwenye kodi na kuishia kwenye ujira. Muungano wa National Low Income Housing Coalition nchini Marekani hufanya hivyo kila mwaka: huchukua kodi ya mwezi, huizidisha kwa 12, hugawanya kwa 0.30, kisha hugawanya kwa saa 2,080, ambazo ni saa 40 kwa wiki 52. Kwa kodi ya 300 ujira unaohitajika ni takriban 5.77 kwa saa. Anayepewa saa 30 tu kwa wiki atahitaji karibu 7.69, na kibarua mwenye saa zinazobadilika ndiye hasa anayepaswa kuijaribu hesabu hii kabla ya kukubali nyumba.

Takwimu za mji mzima zisomwe kwa tahadhari. Nyingi hulinganisha kodi na kipato cha kaya zote, wakiwamo wenye nyumba zao, ambao kwa kawaida wana kipato kikubwa kuliko wapangaji. Tena familia iliyobanana katika chumba kimoja kwa kushindwa kulipia viwili huonekana haijalemewa, na hilo linanisikitisha kila ninapoliona katika majedwali.

Mwisho, kifungu cha kupandisha kodi kisomwe kabla ya sahihi. Kodi iliyoanza kwenye asilimia 30 ya kipato, ikipanda asilimia 8 kila mwaka huku mshahara ukipanda asilimia 3, itakuwa imefika karibu asilimia 35 baada ya miaka mitatu. Na ikiwa kaya inategemea mishahara miwili, hesabu hiyo irudiwe kwa mshahara mmoja.