Namna ya Kulinganisha Dini Kubwa za Dunia kwa Haki: Mwongozo kwa Vijana na Walimu wa Kusini

Katika mikoa ya Mtwara na Lindi si ajabu ukoo mmoja kuwa na mjomba aliye imamu na shangazi aliye mwanakwaya, na wote wakakutana kwenye jando la mtoto wa ukoo bila mgogoro. Ukaribu huo ni hazina, lakini mara nyingi hutufanya tudhani kwamba tunazijua dini za wenzetu, ilhali tunachokijua ni sikukuu zao na pilau ya sikukuu hizo. Mwongozo huu ni wa wanafunzi, walimu na viongozi wa vikundi vya vijana wanaotaka kulinganisha dini kwa utaratibu. Shabaha yake ni moja, nayo ni kuieleza kila dini kwa namna ambayo muumini wake mwenyewe ataitambua kuwa ni yake.

Jambo la kwanza ni kutenganisha itikadi, ibada na mila kabla ya kulinganisha chochote. Mazishi yanafaa sana kwa zoezi hili. Ukiwa Mtwara, Makka iko karibu moja kwa moja upande wa kaskazini. Kwa hiyo maiti ya Mwislamu hulazwa kaburini kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kaskazini na kichwa kikiwa mashariki. Desturi kongwe ya Kikristo humlaza marehemu chali, miguu ikielekea mashariki, ili siku ya ufufuo ainuke akikabili upande ambao Wakristo wa kale waliuhusisha na kurudi kwa Kristo. Makaburi mawili yanaweza basi kuchimbwa kwa mstari uleule, na vichwa vya waliomo vikawa pande zinazopingana. Itikadi iliyo nyuma ya yote mawili inakaribiana, kwa kuwa pande zote zinaamini ufufuo na hukumu. Ibada ndiyo inayotofautiana: Mwislamu huoshwa, huvikwa sanda na kusaliwa sala isiyo na rukuu wala sijida (kuinama wala kusujudu), ilhali Mkristo Mkatoliki huombewa katika misa. Kisha inakuja mila ya arobaini, ambayo familia nyingi za dini zote mbili huifanya, ingawa hakuna aya ya Qurani wala ya Biblia inayoiamuru. Na sauti ya wajomba katika shughuli nzima inatokana na ukoo wa upande wa mama, uliozoeleka kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera tangu zamani. Anayeandika kwamba "Uislamu unaamuru arobaini" au kwamba "Ukristo wa Kusini umempa mjomba mamlaka" amechanganya tabaka hizo.

Jando linaonyesha jambo hilohilo. Wamisionari wa Kianglikana walianzisha kituo Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, na baadaye Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, akakubali jando liendelee likiwa na sala na mafundisho ya Kikristo ndani yake. Waislamu nao wana jando lao lenye dua. Mila ni moja, lakini imeingia katika dini mbili, na kila dini imeipa maana yake.

Baada ya hapo, chagua swali moja na uliulize kwa kila dini bila kulibadilisha. Nashauri uanze na kufunga, maana jibu lake linaonekana kwa macho. Mwislamu mwenye uwezo hujizuia kula na kunywa kuanzia alfajiri hadi magharibi mwezi mzima wa Ramadhani, na kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, funga hiyo huzunguka majira yote, masika na kiangazi. Mkatoliki, katika Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, hula mlo mmoja kamili na kuacha nyama. Myahudi hufunga takriban saa 25 siku ya Yom Kippur, yaani siku ya upatanisho. Kwa Wahindu siku na namna ya kufunga hutofautiana kwa familia na kwa mungu anayeheshimiwa, na wapo wanaokula matunda na maziwa tu. Watawa wengi wa Kibuddha hawali baada ya adhuhuri. Dini ya Sikh, iliyoanzishwa na Guru Nanak aliyezaliwa mwaka 1469, haihesabu kufunga kuwa ni jambo la thawabu, na badala yake hulisha watu bure katika jiko la hekalu bila kubagua. Mlinganishaji asiishie kwenye saa na vyakula. Aulize pia lengo, kwani kuna anayefunga kwa ajili ya uchamungu, mwingine kwa toba, na mwingine kwa kuitawala nafsi.

Zingatia kwamba hakuna dini kubwa isiyo na mgawanyiko ndani yake. Biblia ya Wakatoliki, mathalani wa Ndanda, ina vitabu 73, na ya Waprotestanti wengi ina 66. Waislamu wa pwani yetu kwa sehemu kubwa ni Wasuni wa madhehebu ya Shafii, na msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta wenyeji wakifuata madhehebu hayohayo. Kwa hiyo andika "Waislamu wa Shafii husema" au "Wakatoliki hufundisha", usiandike "dini hii inasema" kwa jumla.

Pia usiipime kila dini kwa rula ya dini mbili tulizozizoea. Swali la "nabii wenu ni nani na kitabu chenu ni kipi" linawafaa Waislamu, Wakristo na Wayahudi, lakini halimtendei haki Mhindu, ambaye dini yake haina mwanzilishi mmoja, wala Mbuddha, ambaye kiini cha mafundisho yake ni mateso, chanzo chake, ukomo wake na njia ya kuyakomesha. Vivyo hivyo, matambiko ya wazee wetu yana itikadi kamili kuhusu Mungu na mizimu, na hayapaswi kuwekwa chini ya kichwa cha habari "ushirikina" kana kwamba hayastahili kusomwa.

Jambo linalonigusa zaidi ni tabia ya kuyeyusha tofauti kwa nia njema. Qurani ina sura nzima iitwayo Mariamu na inakiri kwamba alizaa akiwa bikira. Hapo Mwislamu na Mkristo wako pamoja. Lakini Qurani inakanusha kwamba Isa alisulubiwa, katika sura ya An-Nisaa aya ya 157, ilhali msalaba ndio moyo wa imani ya Kikristo. Yaandike yote mawili waziwazi. Kadhalika, linganisha mafundisho kwa mafundisho na matendo kwa matendo. Ni dhuluma kuchukua maadili bora ya dini yako na kuyaweka mbele ya mwenendo mbaya wa mfuasi wa dini nyingine.

Ukimaliza, mpelekee mwalimu wa madrasa sehemu inayohusu Uislamu, na katekista sehemu ya Ukristo, uwaombe kwa adabu wakusahihishe. Mmoja wao akikwambia kwamba hivyo sivyo wanavyoamini, usibishane naye. Andika maelezo yake kama alivyoyatoa, kisha umwombe akuonyeshe aya au fundisho anakolitoa.