Kuanzisha programu ya kuuza samaki Tanga: sheria kwanza
Kabla ya kuwaunganisha wavuvi wa mwalo wa Deep Sea na wanunuzi wa mtaani Ngamiani kwa simu, sajili kampuni kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mtandaoni, kwa namba za NIDA (kitambulisho cha taifa) za wakurugenzi. Kisha TIN (namba ya mlipa kodi), halafu leseni ya biashara.

Panapoumiza ni pesa. Ukishikilia malipo ya mteja hadi samaki wafike, unaweza kuhesabiwa mtoa huduma ya malipo chini ya sheria ya mifumo ya malipo ya 2015, na leseni hiyo hutolewa na Benki Kuu. Ni mzigo kwa anayeanza; pitisha fedha kwa kampuni yenye leseni.

Jisajili pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Usikusanye ziada: anayenunua vibua kilo 2 haulizwi tarehe ya kuzaliwa.