Orodha ya bei kwa Inter: jinsi ya kunyoosha tarakimu

Nimeandika hatua hizi baada ya kumsaidia jamaa mwenye duka la viungo, aliyetaka orodha ya bei ya kubandika ukutani na ya kutuma WhatsApp. Natumia LibreOffice Writer, programu ya bure ya kuandikia.

1. Pakua Inter kutoka rsms.me/inter. Ni fonti isiyo na vikia kwenye ncha za herufi, kazi ya Rasmus Andersson, Mswidi, iliyotoka 2017. Leseni yake ni huria, hata kwa biashara. Ilichorwa kwa ajili ya skrini: herufi ndogo zina kimo kirefu, kwa hiyo zinasomeka hata kwenye simu yenye kioo kidogo. Arial siigusi kwa kazi hii.

2. Fungua zip, ingia folda ya extras/ttf, sakinisha Regular (ya kawaida) na Bold (nzito). InterVariable, faili moja lenye unene wote, achana nayo. Matoleo ya zamani ya LibreOffice huvuruga herufi zake nzito kwenye PDF.

3. Chora jedwali, bei zipange kulia.

4. Sasa tazama bei. 1,100 chini ya 8,000: zote zimegota kulia, lakini koma hazikutani. Tarakimu 1 ya Inter ni nyembamba kuliko 8, na hilo ni zuri ndani ya sentensi, baya kwenye safu ya bei. Usihangaike na spesi wala tabo, utarekebisha mstari mmoja uharibu mwingine. Chagua safu nzima ya bei, nenda kwenye kisanduku cha jina la fonti, andika Inter:tnum kisha Enter. Tarakimu zote zinapata upana mmoja. Ukitaka sifuri yenye mstari wa mshazari ndani, andika Inter:tnum&zero, bila nafasi popote.

Safu ya bidhaa nayo ina lake. “Iliki” inaanza na vijiti viwili vinavyofanana. Inter:cv08 huipa I kubwa vikia vyake, jina likasomeka.

Tahadhari: ukichagua tena Inter kwenye orodha ya fonti, maagizo hayo yanafutika. Afadhali uyaweke kwenye mtindo wa aya (F11), uuite “Bei”. Na usimtumie mtu faili la docx. Word itatafuta fonti inayoitwa “Inter:tnum”, itaikosa, iweke yake.

5. Toa PDF, uipeleke hiyo steshenari. Wakikuomba “ile ya Word” ili wairekebishe kidogo, kataa.