Kumchuja mtu aliyejitolea kabla ya kumwekea koili ya TMS kichwani

TMS ni njia ya kuamsha ubongo kwa sumaku kutoka nje ya kichwa. Koili yake, yaani waya uliozungushwa, hupiga sumaku ya takriban tesla 1.5 hadi 2 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) kwa muda usiofika hata milisekunde moja, na pigo hilo huamsha umeme ndani ya ubongo. Madhara makubwa, hasa mtu kushikwa na kifafa, ni nadra, na yamekuwa nadra kwa sababu watu huchujwa vizuri kabla ya kuguswa.

1. Piga simu siku chache kabla. Mtu akishafika maabara huona aibu kutaja jambo litakalomrudisha nyumbani. Mwambie mapema kwamba nauli yake atalipwa hata akionekana hafai.

2. Uliza kuhusu chuma na vifaa vya umeme mwilini. Kifaa cha usikivu kilichopandikizwa sikioni au elektrodi (waya wa kupitisha umeme) ndani ya ubongo: ishia hapo. Betri ya moyo, au chuma alichowekewa kichwani baada ya ajali ya bodaboda: mwachie daktari aamue. Meno yaliyozibwa hayana shida.

3. Tafuta historia ya kifafa. Hapa usiwe na haraka. Ukiuliza tu "Una kifafa?", wengi watajibu hapana, maana ugonjwa huu bado unafichwa. Mimi huuliza hivi:

"Dada, utotoni uliwahi kupata degedege? Mama aliwahi kukusimulia?"

"Umewahi kuanguka ukapoteza fahamu? Kabla ya hapo uliona giza machoni? Ulipozinduka ulikuwa umejing'ata ulimi, au umejikojolea?"

Giza machoni na jasho baada ya kusimama juani huelekea kuwa kuzimia kwa kawaida. Ulimi uliong'atwa, na mtu kuchanganyikiwa kwa muda baadaye, ni habari nyingine. Degedege la homa utotoni halimwondoi mtu moja kwa moja; andika umri na mara ngapi, kisha mpe daktari. Uliza pia kuhusu wazazi na ndugu wa tumbo moja.

4. Dawa, pombe na usingizi. Tramadol, bupropion, clozapine na amitriptyline huongeza uwezekano wa kifafa. Kamwe usimwambie mtu aache dawa ili afae kwenye utafiti wako. Usingizi uulize upya kila siku ya kipimo: "Jana ulilala saa ngapi?" Mlinzi aliyekesha lindoni apangiwe siku nyingine. Aliyefunga apangiwe baada ya futari, kwani kuzimia hutokea mara nyingi kuliko kifafa.

5. Ujauzito. Muulize akiwa peke yake, mumewe asiwepo.

6. Kichwa chenyewe. Avue hereni, vibanio na kipini, na avae vizibo vya masikio. Mlio wa koili ni mkali. Rasta nene huiweka koili mbali na ngozi na kudhoofisha pigo, kwa hiyo litaje hilo kwenye ile simu ya kwanza, asije akatumia pesa ya msusi bure. Kama unatumia mkondo mdogo wa umeme badala ya sumaku, pekua ngozi: kidonda, au dawa ya nywele iliyopakwa juzi, vinatosha kuahirisha.

Jibu lolote la "sikumbuki" liandikwe hivyo hivyo, na daktari alisome kabla mashine haijawashwa.