Chatu amegoma kula: anza na mizani, si na panya

Kila ikifika Novemba simu yangu huanza kulia. "Kaka, nyoka wangu wiki ya tano hii hagusi kitu, atakufa?" Anayeuliza kwa kawaida ni Mtanzania au Mkenya mwenzangu aliyeko huku Marekani au Kanada. Amenunua chatu mdogo, na nyumbani kwao hajathubutu kumwambia mtu. Mimi niko Minnesota, nimewafuga kwa miaka 11, na mama yangu Morogoro bado anaamini ninafuga samaki.

Ninayemzungumzia hapa ni Python regius, chatu mdogo wa Afrika Magharibi na Kati, yule anayejikunja kama mpira akiogopa. Jike kubwa kwa kawaida hufika mita moja na nusu hivi. Usimchanganye na chatu wetu wa porini anayeweza kupita mita nne. Na kama uko Kenya au Tanzania, huyo wa porini si wa kuokota na kumpeleka nyumbani: wanyamapori wanalindwa na sheria, kuwafuga kunataka kibali.

Huyu mdogo ni bingwa wa kufunga. Dume mzima mwenye afya anaweza kukaa miezi minne au mitano bila kula na asipate neno. Anayeumia ni mwenye nyoka, na kwa kuumia huko anaanza kumsumbua mnyama kila siku, mpaka mgomo wa wiki sita unageuka wa miezi sita.

Hatua ya 1: Mpime

Chukua mizani ya jikoni inayosoma gramu, weka bakuli lenye kifuniko, irudishe kwenye sifuri, kisha mweke nyoka. Andika tarehe na uzito kwenye daftari. Rudia kila baada ya wiki mbili, si kila siku.

Namba hii ndiyo itakayokuongoza. Nyoka mzima aliyepungua chini ya asilimia 10 kwa miezi kadhaa, anatembea usiku, anatoa ulimi vizuri: tulia. Akizidi hapo, ruka hadi hatua ya 6. Kitoto cha gramu 80 ni habari nyingine kabisa, maana hana akiba mwilini; huyo usimsubiri miezi.

Hatua ya 2: Tazama kalenda na macho yake

Madume wengi hugoma majira ya baridi kwa sababu akili yao iko kwa majike. Jike mwenye mayai naye hagusi chakula, na akishataga hujizungusha juu ya mayai karibu miezi miwili bila kula. Macho yakiwa na ukungu wa kibuluu, anajiandaa kujivua gamba (gamba la kweli, si lile la wanasiasa), na wengi hawali mpaka limetoka. Umemleta nyumbani juzi? Basi ni mgeni tu.

Ukipata jibu hapa, kazi yako imebaki kusubiri. Lakini hatua ya 3 ifanye hata hivyo.

Hatua ya 3: Kagua boksi lake

Hapa ndipo penye makosa mengi, na langu likiwemo. Januari moja nilisogeza boksi karibu na dirisha ili nipate nafasi ya kochi. Kipimajoto cha mshale kilichobandikwa kwenye kioo kilisoma 30, nami nikaridhika. Wiki saba nyoka hali. Nilipoweka kipimajoto cha kidijitali chenye waya, kile kinachopima sakafuni pale nyoka anapolalia, kikasoma 25. Chatu hana joto la mwili la kujitengenezea. Bila joto la nje hawezi kusaga chakula tumboni, kwa hiyo hakitaki. Alikuwa na akili kuliko mimi.

Upande wa joto uwe nyuzi 31 hadi 33 za selsiasi, upande wa baridi 24 hadi 27. Mkeka wa joto au taa lazima iunganishwe na themostati, yaani kidhibiti joto, la sivyo utamuunguza. Unyevu wa hewa uwe asilimia 50 hadi 60, na uongezeke kidogo anapojivua gamba. Huku kwenye baridi, mitambo ya kupasha nyumba hukausha hewa vibaya sana, hivyo ongeza maji kwenye matandiko na uweke bakuli pana la maji.

Kisha maficho. Kwao, huyu nyoka hushinda kwenye mashimo ya panya na kwenye vichuguu. Ukimweka kwenye tangi kubwa la kioo lenye gogo moja la mapambo, ni kama kumwambia mtu alale katikati ya uwanja wa mpira. Mpe maficho mawili, moja kila upande, yawe ya kubana kiasi kwamba mgongo wake unagusa kuta. Bakuli la plastiki lililopinduliwa na kukatwa mlango linatosha kabisa. Tangi la kioo lifunike pande tatu kwa karatasi nyeusi.

Hatua ya 4: Mwache

Siku saba. Usimshike, usimpige picha, usimwonyeshe shemeji aliyekuja kutembea. Badilisha maji tu. Hakuna hatua watu wanaivunja kama hii.

Hatua ya 5: Mpe chakula kama inavyotakiwa

Panya wa friza ahamie kwenye friji tangu jana yake. Jioni mtie ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko uingie kwenye maji ya moto ya bomba mpaka panya afike nyuzi 38 hadi 40. Maikrowevu hapana: itamwivisha nje na kumpasua tumbo, na harufu hiyo hutaisahau. Unene wake usizidi sehemu nene ya nyoka. Kwa aliyegoma, chagua mdogo zaidi.

Zima taa. Chatu ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto, kwa hiyo kichwa cha panya kiwe ndicho chenye moto kuliko sehemu nyingine. Kichovye tena kwenye maji dakika ya mwisho. Mshike panya kwa koleo refu na umpitishe mbele ya maficho kama mnyama anayekatiza njia. Usimchokonoe nyoka usoni. Shingo ikijikunja kama herufi S na ulimi ukatoka polepole, vumilia. Akijikunja mpira au kurudi nyuma, umemtisha, acha. Mwachie panya mlangoni mwa maficho usiku kucha, asubuhi mtupe. Jaribu tena baada ya siku saba hadi kumi, si kesho.

Akikataa mara tatu hivi, badilisha kitu kimoja kwa mara moja. Mpe panya mdogo wa nyumbani badala ya buku, au msugue kwa manyoya ya kifaranga. Ujanja unaoshinda yote huku ni panya fulani wa Kiafrika anayeuzwa ghali. Siku nilipomwona dukani nilicheka peke yangu. Ni Mastomys, panya shamba yule yule anayemaliza mahindi Morogoro! Chatu waliogoma miezi humrukia kwa sababu ndiye chakula cha kwao. Ila angalia: wengine wakishamwonja hawarudi tena kwa panya wa kawaida, na gharama itakuwa juu yako.

Panya hai simshauri mtu. Nyoka asiye na njaa hajitetei, na panya aliyefungiwa naye atamtafuna mgongo mpaka mfupa uonekane.

Hatua ya 6: Daktari

Mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia ukiona mapovu puani au mdomoni, anahema kwa mlio, fizi zina usaha, vidoa vyeusi vya utitiri vinatembea kwenye magamba, au uti wa mgongo umejichora. Kichwa kinachopinda kuelekea juu kama anatazama nyota ni hatari kubwa. Beba daftari lako na kinyesi kibichi kwa ajili ya kupima minyoo, hasa kama nyoka alikamatwa porini. Kumlisha kwa nguvu ni kazi ya daktari; nimeona koo lililochanika kwa sababu ya video ya dakika mbili.

Hatua ya 7: Siku akila

Funga boksi, nawa mikono kwa sabuni (reptilia hubeba bakteria wa salmonella), na usimguse kwa saa 48. Usimwongezee panya wa pili kwa furaha. Akitapika utasubiri wiki mbili tena. Anayefuata aje baada ya siku saba hadi kumi, mdogo vile vile.

Dume wangu mkubwa aligoma tangu Novemba akiwa na gramu 1,400. Kwenye daftari mstari unaofuata wa maana ni wa Aprili: "1,340. Kala saa nne usiku, mdogo, bila koleo kutikiswa."